Laptop inalilia draiva: dalili, sababu na mahali salama pa kuipata

Laptop nyingi zinazouzwa Dodoma ni za mtumba (si Mtumba ya Mji wa Serikali, ni mtumba tuliouzoea). Ni EliteBook, Latitude na ThinkPad zilizomaliza kazi maofisini ng'ambo, zikapigwa Windows upya dukani, mteja akakabidhiwa zikiwa bado na alama mbili tatu za njano kwenye Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vya mashine, ambako njano ni dalili ya kifaa chenye hitilafu. Akifika nyumbani Nkuhungu anakuta Wi-Fi haipo au sauti haitoki. Anaandika "driver download" kwenye simu, anabonyeza kitufe cha kwanza cha kijani, na tatizo moja linazaa matano.

Draiva ni programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa, kama kadi ya Wi-Fi au spika. Si programu ya kawaida. Nyingi hufanya kazi ndani kabisa ya kiini cha Windows, mahali ambapo faili bovu linaweza kuangusha mashine nzima, na faili la mwizi linaweza kuizima antivairasi. Kwa hiyo swali la kwanza ni imetoka wapi. Upya wake ni swali la baadaye, na kama kila kitu kinafanya kazi, mara nyingi halina haja ya kuulizwa.

## Vyanzo vinne, na mpangilio wake

Anza na Windows Update yenyewe. Kwenye Windows 11 fungua Settings, Windows Update, Advanced options, kisha Optional updates. Draiva hujificha humo. Kwenye Windows 10 bonyeza View optional updates. Ukikosa, nenda tovuti ya aliyetengeneza laptop. Ukikosa na huko, nenda kwa aliyetengeneza kifaa chenyewe: Intel, AMD, NVIDIA. Cha nne ni Microsoft Update Catalog, catalog.update.microsoft.com, ghala ambalo Windows Update huchota humo.

Baada ya hivyo vinne hakuna cha tano. Tovuti za "draiva zote bure", programu za kusasisha draiva kwa mbofyo mmoja, na flashi ya jirani iliyopita kwenye stesheni tatu za kuchapa, zote ziache.

Anwani sahihi ni support.hp.com, dell.com/support na pcsupport.lenovo.com. Mwenye Toshiba Satellite atafute Dynabook: biashara ya kompyuta za Toshiba iliuzwa kwa Sharp mwaka 2018, na jina likabadilika mwaka uliofuata. Soma anwani ukianzia kwenye mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, ukirudi kushoto. Kilicho jirani na mkwaju huo ndiye mwenye tovuti. "support.hp.com/" ni ya HP. "hp.com.jina-lingine.net/" ni ya huyo jina-lingine, hata kama nembo ya HP imejaa ukurasa mzima. Na matokeo ya juu kabisa ya utafutaji yenye neno Sponsored ni tangazo lililolipiwa, yaruke.

## Kitambulisho cha kifaa kabla ya kutafuta chochote

Bofya kitufe cha Start kwa kulia, chagua Device Manager, bofya mara mbili kifaa chenye alama ya njano, nenda Details, na kwenye orodha ya Property chagua Hardware Ids. Utaona mstari kama huu:

PCI\VEN_8086&DEV_24FD

VEN ni mtengenezaji, DEV ni kifaa. 8086 ni Intel, 10EC ni Realtek, 10DE ni NVIDIA, 1002 ni AMD, 14C3 ni MediaTek, 168C ni Qualcomm Atheros. Huo wa mfano ni kadi ya Wi-Fi ya Intel 8265, iliyomo kwenye ThinkPad na Latitude nyingi za miaka ya 2017 na 2018.

Kwa mashine za mtumba, namba hii ina nguvu kuliko stika ya chini ya laptop. Kadi ya Wi-Fi huenda ilibadilishwa, kifuniko cha chini kikatoka mashine nyingine, na stika ikaja na kifuniko. Ukiweka namba ya stika kwenye tovuti utapewa draiva za laptop iliyokufa zamani. Namba ya kweli ya mashine iulize kompyuta yenyewe kupitia PowerShell, dirisha la Windows la kuandikia amri:

Get-CimInstance Win32_BIOS

Angalia mstari wa SerialNumber. Kwa Dell hiyo ndiyo Service Tag, herufi na tarakimu saba. Ikija tupu, au yakaja maneno kama "To be filled by O.E.M.", huenda ubao mama ulishabadilishwa, achana na namba ya mashine, tumia jina la modeli na vitambulisho vya vifaa.

## Dalili: Wi-Fi haipo kabisa baada ya kupiga Windows

Sababu ya kawaida: draiva haikuwekwa. Device Manager huonyesha Network Controller yenye alama ya njano na Code 28 (Code ni namba ya hitilafu; 28 ni draiva haipo). Huna haja ya kwenda intaneti kafe. Chomeka simu ya Android kwa waya wa USB, washa USB tethering kwenye mipangilio ya hotspoti, na kwa kawaida Windows huitambua simu bila draiva ya ziada. Fungua Windows Update, subiri. Draiva ya Wi-Fi ni ndogo, kwa kawaida haifiki MB 100, hata bando dogo linatosha. Kinachokula bando ni masasisho mengine yatakayotaka kuingia kwa mlango huohuo, kwa hiyo ukishapata Wi-Fi bonyeza Pause updates.

Ikiwa Windows Update inasema hakuna kitu, angalia kama muunganisho umewekewa alama ya Metered, yaani wa bando la kubana. Kwenye muunganisho wa namna hiyo Windows huzuia kupakua draiva hadi uwashe swichi ya Download drivers and device software over metered connections, iliyoko Settings, Bluetooth & devices, Devices; kwenye matoleo mengine iko Printers & scanners.

Inayofuata: kadi imeganda. Kifaa kipo lakini kina Code 10, au jana kilikuwepo leo hakipo. Zima mashine huku umeshikilia Shift wakati wa kubofya Shut down, ili izimike kweli badala ya kulala nusu. Chomoa chaja. Kama betri inatoka, itoe. Shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30, rudisha, washa. Kadi nyingi za Intel hurudi kwa hili peke yake.

Draiva ya kadi nyingine. Ulipakua kwa kufuata stika. Rudi kwenye kitambulisho.

Adimu: kadi imekufa au imelegea. Kama Device Manager haionyeshi chochote kabisa, hata chenye alama, na umeshajaribu kuzima kikamilifu, hakuna draiva itakayosaidia. Mpelekee fundi aifungue.

Kwa atakayepiga Windows siku za usoni: kabla ya kufuta, chomeka flashi, tengeneza humo folda ya Draiva, fungua Command Prompt kama msimamizi na uandike

pnputil /export-driver * D:\Draiva

D ikiwa ndiyo herufi ya flashi yako. Draiva zote ulizoongezewa zinanakiliwa. Windows mpya ikishaingia:

pnputil /add-driver D:\Draiva\*.inf /subdirs /install

Hizi ni draiva zilizokuwa zikifanya kazi kwenye mashine hiyohiyo, na hazikugharimu bando. Fundi anayepiga Windows bila kufanya hivi kwanza anajiongezea kazi, na gharama anakuhamishia wewe.

## Dalili: ulipakua draiva, ikaja programu nyingine

Faili linaitwa "setup" au "driver_installer", lina MB mbili tu, na likifunguka linaanza "kuchunguza" kompyuta. Mara linatangaza draiva 27 zimepitwa na wakati, zote kwa rangi nyekundu, lipia ili kurekebisha.

Huo wekundu mara nyingi umejengwa juu ya tarehe. Draiva nyingi za Microsoft zinazokuja ndani ya Windows zimeandikwa tarehe 21 Juni 2006 kwa makusudi, ili draiva ya mtengenezaji ikiwepo ionekane mpya na kupewa nafasi. Faili za chipset (chipu kuu za ubao mama) za Intel zimewekewa 18 Julai 1968, siku Intel ilipoanzishwa. Hazijachakaa, ndivyo zilivyoandikwa. Programu inayokutisha kwa tarehe hizo haijui kazi yake, au inaijua vizuri mno.

Kama hujalifungua faili, lifute. Kama una shaka na faili lolote, hata lililoonekana kutoka kwa mtengenezaji mwenyewe, lipime hivi:

Bofya faili kwa kulia, Properties, Digital Signatures. Chagua saini, bonyeza Details. Inatakiwa iseme kwamba saini ni OK, na jina liwe la HP, Dell, Lenovo, Intel, AMD, NVIDIA, Realtek au Microsoft. Faili la usakinishaji lisilo na ukurasa huo kabisa, usiliendeshe. Kisha kwenye PowerShell:

Get-FileHash faili.exe

Inatoa mlolongo wa herufi na namba 64, alama ya kidole ya faili hilo, unaoitwa SHA-256. Ulinganishe na SHA-256 iliyoandikwa kwenye ukurasa wa kupakulia kama ipo, au ubandike mlolongo huo kwenye kisanduku cha kutafutia cha VirusTotal, tovuti inayopima faili kwa antivairasi nyingi. Unapeleka herufi 64 tu, si faili zima, kwa hiyo bando haliguswi.

Saini nayo si kinga kamili. Mwaka 2010 virusi vya Stuxnet viliingia kwa draiva zilizosainiwa kwa vyeti vilivyoibwa kutoka Realtek na JMicron. Ndiyo maana tunaangalia chanzo na saini kwa pamoja.

Kama umeshaliendesha: kata intaneti, ondoa programu hiyo kwenye Settings, Apps, kisha fanya uchunguzi wa Microsoft Defender Offline ulioko Windows Security, Virus & threat protection, Scan options. Nywila za benki na za barua pepe zibadilishe ukitumia kifaa kingine. Simama hapo kama Defender haiwaki au inazimika yenyewe. Hiyo si kazi ya draiva tena; mashine inahitaji kufutwa yote na kupigwa upya, na nyaraka zako zitolewe na mtu anayejua anachofanya.

## Dalili: skrini ya bluu baada ya kusasisha

Usikimbilie kupiga Windows. Skrini ya bluu (kwenye Windows 11 za karibuni ni nyeusi) wakati mwingine huandika jina la faili chini ya neno What failed, na jina hilo linamtaja mhusika. nvlddmkm.sys ni picha za NVIDIA, igdkmd64.sys ni picha za Intel, amdkmdag.sys ni za AMD, Netwtw ikifuatiwa na tarakimu mbili ni Wi-Fi ya Intel. Piga picha kwa simu, mashine itajiwasha upya kabla hujamaliza kusoma.

Kama Windows bado inafunguka, nenda Device Manager, kifaa husika, Driver, Roll Back Driver. Kitufe kikiwa kimefifia, draiva ya zamani haikuhifadhiwa. Iondoe kwa Uninstall device ukitia alama ya kufuta na draiva yenyewe, kisha weka ile ya mtengenezaji wa laptop.

Kama haifunguki, izime kwa nguvu mara mbili tatu wakati inajaribu kuwaka, itakuletea skrini ya matengenezo. Pita Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4 kuingia Safe Mode, hali ya Windows yenye draiva za lazima tu. Rudisha draiva ukiwa humo. Kama kompyuta inadai ufunguo wa BitLocker (kufuli la Windows la diski) wa tarakimu 48, unaupata kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuisajili, usibahatishe.

Windows Update inaweza kuirudisha ileile draiva mbovu usiku wake. Andika sysdm.cpl kwenye kisanduku cha Run, nenda Hardware, Device Installation Settings, chagua No.

Kwa laptop zenye kadi mbili za picha, Intel pamoja na NVIDIA au AMD, anza na draiva ya mtengenezaji wa laptop hata kama ina miaka miwili. Ya moja kwa moja kutoka NVIDIA huweza kupita MB 600, na mtu anayetumia Excel na Zoom hataona tofauti.

Na hili la kwetu: laptop inayozimika ghafla *bila* skrini ya bluu, hasa ukifungua video au saa nane mchana, kwa kawaida si ya draiva. Vumbi la Dodoma limeziba feni. Kiangazi cha upepo hapa hujaza matundu ya joto haraka kuliko wauzaji wanavyokiri. Hakuna faili la kupakua kwa hilo. Ifunguliwe, isafishwe, iwekwe grisi mpya ya prosesa.

## Dalili: sauti haitoki au maikrofoni haisikiki

Kwanza bofya alama ya spika, hakikisha umechagua spika za laptop na si HDMI au hedfoni za Bluetooth zilizobaki mkobani. Unaweza kucheka, lakini ndiyo sababu ya kwanza.

Kisha angalia jina kwenye Device Manager. Likiwa High Definition Audio Device, unatumia draiva ya jumla ya Microsoft. Sauti huweza kutoka nyembamba au isitoke kabisa. Hapa usiende Realtek. Draiva ya sauti hurekebishwa kwa kila modeli, spika na maikrofoni zake, kwa hiyo ichukue kwa HP, Dell au Lenovo. Kwenye laptop mpya kidogo zenye Intel, maikrofoni ya ndani hutegemea pia Intel Smart Sound Technology; ikikosekana sauti itatoka vizuri huku watu wa Zoom wakisema hawakusikii.

## Dalili: herufi kubwa mno, mwangaza haupungui

Ni Microsoft Basic Display Adapter. Draiva ya picha haipo. Windows Update humaliza hili mara nyingi kwa jaribio moja. Isipomaliza, tovuti ya laptop.

## Dalili: "Unknown device" isiyo na jina

Soma kitambulisho. ACPI\HPQ6001 ni kitufe cha wireless cha HP. ACPI\HPQ6007 ni kihisi cha kuanguka cha HP, kinacholinda diski ya kuzunguka laptop ikidondoka, na vinavyoanza na ACPI\SMO88 ni kihisi cha namna hiyo cha Dell. Kama una SSD, kukosa draiva yake hakukudhuru. SM Bus Controller inataka draiva ya chipset. PCI Simple Communications Controller inataka ya Intel Management Engine.

Kama laptop ni ya zamani na tovuti yake haina draiva za Windows 11, chukua ya Windows 10 ya biti 64. Mara nyingi inakubali. Kama huko nako ni kutupu, bandika sehemu ya VEN na DEV kwenye Microsoft Update Catalog. Faili litakuja likiwa la .cab, tengeneza folda C:\draiva na ulifungue hivi:

expand -F:* faili.cab C:\draiva

Kisha kwenye Device Manager chagua Update driver, Browse my computer, elekeza kwenye folda hiyo. Windows yenyewe hukataa kama kitambulisho hakilingani, na hiyo ni kinga nzuri. Usilazimishe kwa kuchagua kutoka kwenye orodha.

## Dalili: Windows inaikataa draiva, Code 52

Saini haithibitiki. Ama faili limeharibika wakati wa kupakua, ama ni la zamani mno, ama limechezewa. Pakua upya kutoka kwa mwenyewe. Ikikataa tena, tafuta toleo jingine.

Video nyingi zitakuambia uzime ukaguzi wa saini au uwashe Test Mode, hali inayokubali draiva zisizo na saini rasmi. Usifanye. Umeondoa mlango ili kuingiza kiti kimoja. Vivyo hivyo Windows Security ikisema draiva fulani inazuia Memory integrity, ulinzi wa kiini cha Windows: badilisha draiva, usizime ulinzi.

## Dalili: unapiga Windows, diski haionekani

Laptop nyingi zenye Intel ya kizazi cha 11 na kuendelea huficha SSD nyuma ya kidhibiti cha diski cha Intel kinachoitwa VMD. Kwenye kompyuta nyingine pakua Intel Rapid Storage Technology kutoka ukurasa wa laptop yako, au SetupRST.exe kutoka Intel. Ukiwa na hilo la Intel, fungua PowerShell kwenye folda yake:

./SetupRST.exe -extractdrivers SetupRST_extracted

Nakili folda inayotokea kwenye flashi ya Windows. Kwenye skrini ya kuchagua diski bonyeza Load driver, ielekeze huko. Unaweza pia kuzima VMD kwenye BIOS (programu ya ubao mama inayoiwasha kompyuta kabla ya Windows), lakini si kwenye mashine ambayo ina Windows unayoitaka: haitawaka. Kama BIOS yenyewe haiioni SSD, hilo ni suala la kifaa, mpelekee fundi.

## Hapa ndipo pa kuacha

Kwenye ukurasa wa draiva utaona pia BIOS au Firmware, imepangwa kama draiva nyingine. Si draiva nyingine. Umeme ukikatika katikati ya kuiandika, unaweza kubaki na bapa la plastiki. Usiiguse kama betri imekufa na laptop inategemea chaja tu. Dell hukataa betri ikiwa chini ya asilimia 10, na ukiona mahali unafundishwa kuilazimisha, funga ukurasa huo. Betri iwe juu ya 50, chaja ichomekwe, LUKU iwe na uniti, BitLocker isimamishwe kwanza. Kama BIOS mpya haitatui tatizo ulilonalo au tundu la kiusalama lililotajwa kwa jina, iache ilivyo.

Mpelekee fundi pia kama kifaa kinaonyesha Code 43 hata baada ya draiva mbili tofauti za mtengenezaji, kama skrini ina mistari hata ukiwa ndani ya BIOS, au kama mashine inanuka kuungua.

Ukimpelekea, mpe karatasi yenye modeli, kitambulisho cha kifaa na namba ya Code. Mwambie, "Fundi, naomba utoe draiva kwa mwenyewe, na unionyeshe ukurasa ulikoipakua." Kabla ya kulipa, fungua Settings, Apps, uone kama kuna programu ya kusasisha draiva ambayo hukuja nayo, na utazame kona ya chini kulia ya skrini. Pakiwa pameandikwa Test Mode, mrudishie mezani hapohapo.